Miti bilioni 15: Je, mbegu zatoka wapi?

TANGU Desemba 2022 habari ya upandaji miti haijatoka midomoni mwa viongozi wetu. Mwezi huo serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, ili eneo la nchi lililofunikwa kwa miti lifike asilimia 30. Novemba 13, 2023 ikafanywa siku ya mapumziko ili kila raia ashike jembe, na lengo la siku hiyo moja likawa miche milioni 100. Mei 10, 2024, siku ya kuwakumbuka waliofariki katika mafuriko, wananchi waliombwa tena wapande miti.

Lengo hili, ndugu msomaji, ni jema. Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ijitahidi kufikia angalau asilimia 10 ya ardhi yenye miti, na tathmini ya kitaifa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba tulikuwa tumefika asilimia 12.13. Kwa hiyo hatuanzi patupu. Hata hivyo, katika hotuba zote hizo lipo swali ambalo halijaulizwa vya kutosha, nalo ndilo tunalotaka kulitazama leo: mbegu za miche hiyo zimeokotwa wapi, chini ya mti gani, na ni nani atakayeitunza baada ya wapiga picha kuondoka?

Tuuchukue mji wa Nairobi uwe mfano. Mji huu umekaa katika nyanda za juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo misitu ya milimani hukutana na mbuga. Kabla ya reli na majumba, upande wa kaskazini na magharibi ulikuwa msitu wa miti ambayo wenyeji waliipa majina na matumizi: muhugu wenye ubao mgumu, mukinduri, muringa wa maua meupe, mzeituni mwitu, muthiga wenye gome kali lililo dawa, na mugumo ulioheshimiwa na wazee. Mabaki ya msitu huo bado yapo Karura, Ngong na Ololua.

Kisha ikaja reli, na garimoshi lilihitaji kuni. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakoloni walileta mikaratusi kutoka Australia kwa kuwa hukua haraka, na sehemu za Karura zikageuzwa mashamba ya miti hiyo. Barabara zikapambwa kwa mijakaranda kutoka Amerika ya Kusini, na mashamba yakazungushiwa migrevilea, nayo pia ya Australia. Hivyo ndivyo mji uliozaliwa pembeni mwa msitu ulivyokuja kupata kivuli chake kutoka ng'ambo.

Mti wa kigeni si adui, wala hatumwambii mtu aukate mjakaranda uliosimama mbele ya nyumba yake kwa miaka 60. Kivuli ni kivuli, na joto la mjini halimwulizi mtu asili ya mti. Tunalosema ni kwamba mji unaopanda miti ya kigeni peke yake hupoteza kitu kisichoonekana kwa haraka. Mti wa asili umeishi na wadudu, ndege na udongo wa mahali pake kwa maelfu ya miaka. Mugumo, kwa mfano, huchavushwa na nyigu wadogo mno, na kila aina ya mti wa jamii hiyo ina nyigu wake. Nyigu akiingia katika tunda hutaga mayai, na mti hupata mbegu. Matunda hayo huliwa na ndege na popo, nao huzisambaza mbegu mbali. Ukiuondoa mti mmoja katika mnyororo huo, umeondoa meza ya wageni wengi.

Mwaka 2020 wakazi wa Nairobi walipata somo la jambo hili. Wakati wa ujenzi wa barabara ya juu yenye urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, mugumo mkubwa uliokuwa kando ya Waiyaki Way ulipangiwa kung'olewa. Mti huo ulikadiriwa kuwa na umri wa miaka 100 hivi. Watu walipiga kelele, na Novemba mwaka huo amri ya rais ikauokoa. Hilo lilikuwa jambo la kushukuriwa. La kusikitisha ni kwamba miti mingine mingi mikubwa kando ya njia hiyo haikupata mtetezi, na ilikuwa imekwisha kuanguka barabara ilipofunguliwa mwaka 2022.

Kila mti mkubwa unapokatwa, jibu tunalopewa aghalabu ni hili: tutapanda kumi badala ya mmoja. Hebu tulipime jibu hilo kwa hesabu nyepesi. Mti wenye matawi yaliyotanda mita 10 kutoka upande hadi upande hufunika karibu mita za mraba 78. Mche uliotoka kitaluni, wenye majani yaliyotanda sentimita 30, haufuniki hata sehemu moja ya kumi ya mita moja ya mraba. Ili kupata kivuli kile kile leo, ingehitajika miche inayozidi 1,000, wala si kumi. Tena hapo tunachukulia kwamba hakuna hata mmoja utakaokufa kwa kiu, utakaoliwa na mbuzi au kukanyagwa na gari.

Lakini hasara kubwa zaidi si ya kivuli. Mti mkubwa wa asili ni ghala la mbegu. Wataalamu wa misitu huuita mti mama. Mti uliokaa Nairobi kwa miaka 100 umekwisha kupita mitihani ya ukame, ya baridi ya Julai na ya udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi. Mbegu zake zimebeba urithi wa kufaulu mitihani hiyo. Tukiukata kisha tukapanda miche ya aina hiyo hiyo iliyotokana na mbegu za mbali, penye mvua nyingi mara mbili ya yetu, jina la mti litakuwa lile lile, lakini ustahimilivu wake hauna dhamana.

Ni kwa sababu hii elimu ya mbegu ina masharti yake, nayo si magumu kwa mtu wa kawaida kuyaelewa. Sharti la kwanza ni mahali: mbegu iokotwe karibu na itakapopandwa, au penye mwinuko, mvua na udongo unaofanana. La pili ni wingi wa mama. Anayeokota mbegu zote chini ya mti mmoja atapanda mtaa mzima wa ndugu wa tumbo moja, na ugonjwa mmoja ukija unaweza kuwafyeka wote. Wanaoshughulika na mbegu hupendekeza ziokotwe kutoka miti 15 hadi 30, iliyotengana kwa mita 50 au zaidi, na nyingine zisizopungua nusu ziachiwe ndege, wanyama na msitu wenyewe.

Sharti la tatu ni kuujua mti wenyewe. Muhugu una miti dume na miti jike, sawa na mpapai. Jike likibaki peke yake baada ya dume kukatwa, halitatoa mbegu zenye uhai, hata kama linaonekana limestawi. Mvule nao ni hivyo hivyo. Basi mtu anaposema ameuacha mti mmoja uwe kumbukumbu, huenda ameacha mjane.

Sharti la nne ni wakati. Mbegu za migunga zina ganda gumu, zaweza kuwekwa kavu kwa muda mrefu, na kabla ya kupandwa hutiwa katika maji ya moto na kuachwa usiku kucha. Kokwa ya mzeituni mwitu inahitaji kupasuliwa kwa uangalifu ili unyevu uingie. Mbegu za muthiga ni kinyume chake: zikikaushwa na kuwekwa ghalani hufa upesi, kwa hiyo huoshwa na kupandwa zingali mbichi. Mugumo una mbegu ndogo mno, na wengi huukuza kwa vipande vya matawi. Maarifa haya yapo nchini. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, yenye makao yake Muguga, imekuwa ikikusanya, kupima na kuuza mbegu za miti kwa miaka mingi. Yapo pia kwa wazee wetu, ambao wengi wao hawajaulizwa.

Sasa turudi kwenye siasa ya jambo hili. Mapumziko ya Novemba 13, 2023 yalitangazwa Novemba 6, yaani wiki moja kabla. Lakini mti hauna habari na tangazo. Mbegu huiva kwa msimu wake, na mche wa mti wa asili hukaa kitaluni miezi sita, wakati mwingine mwaka mzima au zaidi, kabla ya kuwa tayari kwa shimo. Anayeambiwa leo alete miche milioni moja wiki ijayo hana njia ila kuchukua kilichopo, na kilichopo kwa wingi ni kile ambacho mbegu zake ni nyepesi kupatikana na huota bila taabu. Wauza miche walio kando ya barabara za Nairobi hawana kosa. Wao huotesha kinachonunuliwa. Kosa limo katika kuhesabu mti siku unapopandwa badala ya kuuhesabu baada ya miaka mitatu.

Kwamba njia nyingine inawezekana, tunao ushahidi hapa hapa nyumbani. Mwaka 1977 marehemu Profesa Wangari Maathai alianzisha harakati ya Green Belt Movement. Wanawake wa vijijini, ambao wengi wao hawakuwa na cheti chochote cha misitu, walijifunza kuokota mbegu katika maeneo yao na kuziotesha kwa vyombo walivyokuwa navyo. La kuzingatia zaidi ni namna walivyolipwa: walipewa fedha kidogo kwa kila mche ulioshika na kuishi, wala si kwa kila mche uliofukiwa. Alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, miti iliyopandwa kwa njia hiyo ilikadiriwa kufikia milioni 30. Siri ya mafanikio hayo ilikuwa kuulipia uhai.

Yeye huyo ndiye aliyepigwa pamoja na wenzake Januari 1999 walipokwenda kupanda mti Karura, wakati vipande vya msitu huo vilipokuwa vimegawiwa watu binafsi kwa ajili ya majumba. Msitu huo wa takriban hekta 1,000 ulinusurika. Katika miaka iliyofuata, wakazi waliojitolea wakishirikiana na idara ya misitu waliuzungushia ua, wakaanzisha kitalu cha miti ya asili, na wakawa wakiiondoa mikaratusi na magugu ya lantana hatua kwa hatua na kupanda miti ya asili mahali pake. Leo familia hutembea humo na watoto wao katika njia ambazo zamani ziliogopwa kwa sababu ya wahalifu. Kazi hiyo imechukua zaidi ya miaka kumi, na bado haijesha.

Zipo pingamizi zinazostahili kusikilizwa. Wapo wasemao miti ya asili hukua polepole. Kwa muhugu hilo ni kweli, ila muringa na mukinduri hukua kwa kasi ya kuridhisha, na mtu aliyeipanda huweza kukaa chini ya kivuli chake mwenyewe. Wengine husema mizizi itavunja mabomba na kuta. Hilo nalo ni kweli kwa mugumo, ambao hauna mahali katika kiwanja kidogo cha nyumba, bali unafaa bustani za umma na kingo za mito. Kila mti una mahali pake, na mji usioweka mtaalamu wa kuchagua utalipa gharama ya misumeno baadaye. Wala tusidanganyane kwamba miti peke yake ingezuia mafuriko ya 2024 yaliyowakumba watu wa Mathare na Mukuru. Mifereji iliyoziba na nyumba zilizosongamana kando ya mito ni matatizo yanayotaka tiba zake. Lakini mizizi hushika udongo wa kingo, na ardhi yenye miti hunywa maji ambayo saruji huyarudisha barabarani.

Ndugu zetu wa Pwani nao wasidhani habari hii ni ya Nairobi tu. Mbegu za Karura hazifai Mombasa, na Mombasa haizihitaji. Pwani ina hazina yake katika misitu ya kaya za Wamijikenda, ambayo baadhi yake iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Humo na pembezoni mwake bado kuna mivule na mibambakofi, ile miti ambayo mbao zake zilichongwa milango ya mababu zetu. Mbegu ya mbambakofi, nyeusi yenye kofia nyekundu, hutambuliwa hata na mtoto. Ni kweli kwamba mila za kaya hukataza kutoa kitu msituni ovyo, na katazo hilo ndilo lililoihifadhi. Kwa hiyo njia ni kwenda kwa wazee, kuomba idhini na kukubaliana, wala si kuingia na magunia. Ilhali mitaa mingi ya Mombasa hupandwa mwarobaini na miashoki myembamba isiyomfunika hata mtu aliyesimama chini yake, hapana sababu ya kuuacha mkwaju, ambao ni mti wa Afrika, ukawa hadithi ya mabibi.

Kwetu sisi wasomaji wa ukurasa huu, jambo hili lina upande mwingine. Hadithi inayojulikana, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, yatufundisha kwamba Muislamu anayepanda mti, kisha binadamu, mnyama au ndege akala kutokana nao, huandikiwa sadaka. Tuzingatie kwamba thawabu hapo imetajwa pamoja na kuliwa. Mche uliokauka Januari haujamlisha ndege yeyote. Na ndege naye ametajwa, naye anaujua mti wa kwao.

Tuna vitu ambavyo wengi hawana. Misikiti yetu hutumia maji ya udhu mara tano kila siku, na maji hayo aghalabu huishia mtaroni. Mfereji mdogo wa kuyaelekeza bustanini ungetosha kuilea miche kadhaa katika miezi ya kiangazi, wakati ambapo miche mingi ya mjini hufa. Tuna makaburi ya zamani na viwanja vya wakfu ambamo miti mikongwe imesalia kwa sababu tu hakuna aliyethubutu kuikata. Hiyo ni miti mama. Kamati ya msikiti inayotaka kupanua jengo au kuweka maegesho ya magari yapaswa kwanza kuuliza mti ule ni wa aina gani, na kama ndugu zake wengine wapo karibu. Tuna pia madrasa, na kuokota mbegu ni kazi ambayo watoto huifanya kwa furaha na kwa macho makali kuliko yetu.

Kwa upande wa serikali na kaunti, yapo mambo matatu ambayo yangegeuza mpango wa miti bilioni 15 kutoka tarakimu hadi kivuli. Kwanza, kila mji uwe na daftari la miti mama ya asili, na mchoro wowote wa barabara au jengo uioneshe miti hiyo kabla zabuni haijatolewa. Pili, malipo ya wakandarasi na makundi ya upandaji yagawanywe, sehemu kubwa itolewe mche ukiwa hai baada ya miaka mitatu. Tatu, siku ya kupanda ipangwe mwaka mmoja mbele, ili vikundi vya vijana na akina mama viagizwe miche mapema, vijue aina na idadi, na viokote mbegu kwa msimu wake.

Na kwa familia, hesabu ni ndogo zaidi. Mvua ndefu huja Machi hadi Mei, na fupi Oktoba hadi Desemba. Anayetaka kupanda katika mvua fupi zijazo anapaswa kuwa na miche iliyokwisha kukomaa kitaluni, na hiyo ni mbegu iliyookotwa miezi mingi kabla. Mti mmoja ulioteuliwa vizuri, ukamwagiliwa kwa viangazi viwili, una thamani kuliko mia moja iliyopandwa kwa haraka na kusahauliwa. Basi siku utakapopewa mche katika hafla yoyote, usione haya kumwuliza aliyekupa: mbegu ya mche huu imeokotwa chini ya mti gani, mti huo ungali umesimama, na Januari, mvua zikiwa zimekatika, ni nani atakayeuletea maji?